Jeshi la Nta

Juzi mwanangu wa mwisho alirudi kutoka sokoni na mfuko wa askari wa plastiki, wote wa kijani, wote mkao mmoja, bunduki zimegandana na mashavu. Akawapanga sakafuni sebuleni, akawaangusha kwa kidole, akawarudisha mfukoni, akaniomba simu. Hasira ikanipanda, sijui hata ya nini. Nikamchukua askari mmoja nikamnusa. Hana harufu yoyote. Nikamuuliza mtoto, vita gani hivi visivyonuka? Akanitazama kwa huruma, namna watoto wa siku hizi wanavyotutazama sisi tuliozaliwa kabla ya chaja, akachukua simu akaenda zake.

Basi nawaandikia nyinyi wa rika langu, wenye makovu magotini. Jeshi langu lilinuka. Lilinuka asali iliyoungua na moshi wa kuni, na ukilishika asubuhi, vidole vinabaki na harufu hiyo mpaka wakati wa kula ugali wa jioni. Nilipewa na babu yangu, Babu Maganga, aliyekuwa mrina asali miaka mingi kabla magoti hayajamgomea, halafu akabaki nyumbani kwetu Mtendeni, hapo Tabora mjini, akinunua asali na masega kwa watu wa porini na kuyauza. Uani kulikuwa na mafiga matatu na sufuria kubwa jeusi ambalo mama hakuruhusiwa kulipikia kitu kingine. Babu aliyachemsha masega makavu humo, akayamimina kwenye gunia la katani, akalisokota gunia kwa fimbo mpaka nta itoke yote. Masega mapya yalitoa nta ya njano. Ya zamani yalitoa nta ya kahawia, karibu nyeusi. Ile iliyoganda kwenye kingo za sufuria ilikuwa haki yangu.

Aliikanda ikiwa bado vuguvugu. Alivuta miguu miwili, akabana kiuno, akapachika mwiba wa mgunga uwe bunduki, akafunga kiuzi chekundu kipajini. Kichwa alikiumba peke yake, akakichomeka kwa kijiti. Nilipomuuliza kwa nini asiumbe mtu mzima mara moja, alisema hawa ni rugaruga, askari wa watemi wa zamani, na rugaruga asiyeweza kukatwa kichwa hajakamilika. Hakuniita Zuhura, jina langu. Aliniita Jemadari, na jemadari mimi nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele.

Hadithi zake zilikuwa za damu tupu, na mimi sikutaka nyingine. Alinisimulia misafara iliyopita kwetu kwenda pwani na meno ya tembo, rugaruga wakiivizia vichakani na mishipi iliyoshonwa kwa ngozi za watu, maboma yakichomwa usiku na waliomo ndani. Mtemi akishindwa, kichwa chake kilikatwa, kikachomekwa kwenye mti wa lango, kunguru wakala macho kwanza.

"Na mwili, Babu? Waliuzika?"

"Wauzike wa nini? Mwili ni nyama tu. Aliyechukua kichwa ndiye aliyechukua nchi."

Nikafikiri. Madrasa tulikuwa tumefundishwa juu ya malaika wawili wanaokuja kaburini kumhoji maiti: Mola wako ni nani, dini yako ni ipi. "Sasa wale malaika wakija kumuuliza, atajibu kwa mdomo gani?"

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Hapo umenishika, Jemadari. Labda anabaki hapo hapo mpaka Kiyama, anaulizwa, na hana pa kujibia."

Alikuwa anatania. Mimi nikaliweka jambo hilo moyoni kama nilivyoliweka jina langu.

Adui yangu alikaa upande wa pili wa ua wa minyaa. Aliitwa Mika, mtoto wa Mzee Ndahani, fundi baiskeli, Mgogo aliyekuja Tabora kijana na kuzeekea hapo. Jeshi la Mika lilichongwa kwenye matairi mabovu na ndara zilizokatika, na mikuki yao ilikuwa spoki zilizonolewa kwenye jiwe la baba yake. Askari wa mpira hatishwi na jua wala na jiwe. Ukimpiga anaruka, anaanguka kwa uso, na ukimwokota anakutazama vile vile. Niliwachukia wale askari kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote, ukimtoa baba yake Mika.

Kwa sababu Mzee Ndahani alikuwa adui wa babu. Hilo lilikuwa wazi kwangu tangu nipate akili. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nilimsikia akipaza sauti ng'ambo ya minyaa.

"Mpagazi! Umeamka, au bado unaota mizigo ya Waarabu?"

"Nimeamka, mla hongo," Babu alijibu akisugua meno. "Nimesikia harufu yako nikajua kumekucha."

"Wewe kufa tu. Siku ukifa nakuja kukichukua hicho kichwa chenye upara. Nitakifanya kata ya kuchotea maji."

"Njoo na shoka basi. Hilo panga lako halikati hata ugali."

Nyinyi mmeshaelewa. Watu husema utani wa Mnyamwezi na Mgogo ulitoka njiani, enzi za misafara. Wapagazi wetu walipita nchi yao na mizigo, wao wakafunga njia kudai hongo, pande zote zikachinjana mpaka zikachoka, zikabaki kutukanana. Lakini mimi hakuna aliyenikalisha chini akanieleza. Mambo haya hayafundishwi, mtu anadhaniwa amezaliwa nayo. Nilichosikia mimi ni kwamba kuna mzee mwenye panga, nyumba ya pili, anayesubiri babu yangu afe amkate kichwa, na babu anamchekea kwa ushujaa tu.

Kwa hiyo nilipopigana na Mika sikuwa nacheza.

Tulipigania korongo la mchanga nyuma ya nyumba, ambako Babu alisema ndiko njia ya misafara ilikopita. Mvua zikikatika, korongo lilituachia vitu: shanga za bluu, vigae vya vyungu, na siku moja kidonge cha risasi ya gobore, kizito, kimebonyea upande mmoja. Babu alikigeuza kiganjani akasema upande uliobonyea ndio uliokutana na mfupa. Nililala nacho mdomoni usiku huo, na mama alipokikuta asubuhi alinichapa.

Sheria zilikuwa chache. Kila upande unajenga boma la udongo, vijiti na nyasi, unapanga watu wake, unarudi nyuma ya mstari na manati yako. Aliyeanguka anakatwa kichwa na kichwa kinakwenda kwa mshindi. Utomvu wa minyaa hauruhusiwi, maana unapofusha, na tulishaona mbuzi aliyepofuka. Moto unaruhusiwa kwa boma peke yake. Hiyo ya moto aliitunga Mika, na mimi kwa ujinga wangu nikaikubali. Mara ya kwanza aliposukuma kijinga cha moto kwenye boma langu la nyasi, jeshi langu halikukimbia wala halikuanguka. Lilipinda magoti, vichwa vikashukia vifuani, likawa dimbwi moja la njano lenye nyuzi nyekundu, likawaka kwa mlio wa mafuta. Mika alicheza ngoma yake ya kishenzi kulizunguka. Nilimrukia, tukagaragara, nikampiga ngumi ya mdomo nikamtoa jino ambalo kusema kweli lilikuwa limeshaanza kulegea, naye akaniuma bega mpaka meno yakakutana. Kovu ninalo mpaka leo, na manesi hudhani ni chanjo.

Nikajifunza vita. Niligundua kwamba Mika huchelewa kwa makusudi, mara anakunywa uji, mara katumwa, hadi jua liwe la utosi na watu wangu walegee wenyewe. Nikaanza kuwaficha kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, nikiwatoa dakika ile ile ya vita, wagumu na wa baridi. Nikachanganya nta nyeusi kwa nje na njano kwa ndani. Nikawalaza chali kwenye mifereji ili mawe yake yapite juu. Na siku nilipoliteka jemadari lake, lile la tairi la lori lenye mkuki wa spoki, nililikalia kitako nikalikereza shingo kwa kisu cha kumenyea mihogo. Mpira haukatiki upesi. Kisu kilikuwa kinalia, Mika analia, mimi nakereza, na sitawadanganya, ulikuwa utamu ambao sijaupata tena katika maisha ya ndoa wala ya kazi. Kichwa nilikitia kwenye kopo langu la vichwa. Ukilitikisa lile kopo halikutoa sauti kubwa, mpira kwa mpira, lakini mimi nililisikia.

Jioni hiyo Mzee Ndahani alimwona mwanawe na macho yaliyovimba kwa kilio, akanitazama juu ya minyaa. Nilijiandaa kukimbia. Yeye akakata ukanda mpya wa mpira wa ndani wa baiskeli, mwekundu, laini, akanirushia.

"Funga manati yako vizuri, mjukuu wa mpagazi. Adui asiye na silaha hana ladha."

Babu alicheka nyuma yangu. Mimi niliuchukua ule mpira, nikaufunga, nikasema moyoni kwamba mzee huyu ana kiburi na siku moja kitamponza.

Ukaja msimu wa kurina. Babu alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu na alikuwa ameanza kuwa mkali, sufuria linamwudhi, wauzaji wanamwibia, asali yao ina maji. Asubuhi moja akasema anakwenda mwenyewe kwenye mizinga yake ya zamani, kule porini kupita Kipalapala. Mama akamsihi. Baba mdogo Hamisi, aliyekuwa ndiye mwanamume wa nyumba kwa vile baba yangu alikuwa barabarani na malori, akamkataza kabisa. Babu akachukua kamba yake, kienge cha kufukizia moshi na ndoo. Na akamkuta nani langoni na baiskeli? Mzee Ndahani, na panga lake limefungwa kwenye fremu.

"Panda, mpagazi. Leo mimi ndiye nakubeba."

Walikwenda wakitukanana mpaka sauti zikapotea. Nilisimama langoni na manati mkononi. Mtu anakwendaje porini na adui yake? Nilitaka kumwuliza mama, lakini mama alikuwa anapepeta mchele na uso umenuna.

Walirudi alasiri. Mzee Ndahani alikuwa anasukuma baiskeli kwa miguu, na kwenye keria Babu alikuwa ameketi wima, amefungwa kwa mipira ya ndani kifuani na kiunoni, amefunikwa shuka. Watoto wa mtaa walikuwa wanafuata kimya. Walipofika langoni gurudumu likagonga jiwe na shuka likaanguka.

Haukuwa uso wa Babu. Ulikuwa umevimba ukazidi mipaka yake, macho hayapo, midomo imegeuka nje, na rangi imekuwa ya zambarau. Upara peke yake ndio nilioutambua. Mama alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Majirani wakaja wakikimbia, na neno likaanza kupita: nyuki. Nyuki, nyuki, wamemwua mzee wa watu.

Mimi sikuamini hata kidogo. Babu na nyuki? Babu aliyekuwa anawatoa kwenye shati langu kwa vidole viwili na kuwaambia waende kwao? Niliangalia vizuri, kama jemadari anavyotakiwa kuangalia. Kamba ya Babu ilikuwa bado kiunoni, na mwisho wake ulikuwa umekatwa. Panga la Mzee Ndahani lilikuwa na majimaji meusi. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imevimba, uso umevimba jicho moja limefumba, shati limechanika. Hiyo ni sura ya mtu aliyepigana. Akasema nini alipoulizwa? Aliketi chini ukutani akatazama viatu vyake. Watu wakampa maji, maji! Wakampa maji muuaji.

Asubuhi ya maziko nyumba ilijaa. Babu alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, yuko ndani kwenye jeneza la msikitini, ametandikwa kitambaa cha kijani. Mimi nilikuwa na jambo moja kichwani. Alikuwa bado anacho kichwa. Nilikuwa nimepenya katikati ya wanawake nikahakikisha kwa mkono, juu ya sanda, kabla ya shangazi kunivuta. Kwa hiyo muuaji alikuwa hajamaliza kazi. Angekuja. Na akifanikiwa, Babu angelala chini ya udongo anaulizwa, Mola wako ni nani, anaulizwa, na hana pa kujibia.

Nikatoa jeshi lote chini ya mtungi. Nikalipanga njiani, kutoka mlangoni hadi lango la minyaa, safu mbili, weusi nje, wa njano ndani, bunduki zikitazama nyumba ya pili. Waombolezaji walikuwa wanaingia. Mguu wa kwanza uliwaponda askari wawili bila kujua. Nikawasogeza wengine. Ndara, viatu, makubazi, watu wanasema poleni na wanakanyaga, nta inabanduka na nyayo zao. Nililia kwa hasira nikiwainua na wakipondwa tena. Nikamsukuma mguu mzee mmoja mwenye kanzu. Mama akapita, hakuniona kabisa. Walipobaki wachache sana nikawaacha wafe kazini, nikapanda juu ya mzinga tupu uliokuwa kando ya lango na manati yangu.

Akaja. Alikuja na panga. Uso ulikuwa umevimba kuzidi jana, jicho moja mstari tu. Hakusema pole. Aliingia uani moja kwa moja, akamkimbiza jogoo wetu kati ya wanawake waliokuwa wanalia, akamkamata, akamlaza kwenye gogo la kuni, akakata. Kichwa kikarukia kwenye majivu. Jogoo akakimbia bila kichwa mpaka kwenye mkeka wa shangazi.

"Wapagazi mnalia nini?" alisema kwa sauti kubwa. "Mzee mwenyewe alikuwa mchoyo. Amekufa ili asinigawie asali!"

Na mama yangu, macho mekundu, mama ambaye hakuwa amekula tangu jana, alicheka. Nilimwona. Alicheka na machozi yakazidi. Nikajua wote wamerukwa na akili na nimebaki peke yangu.

Jeneza likatoka, wanaume wameliinua mabegani, wanasoma. Lilipokaribia lango Mzee Ndahani akalala chini njiani, chali, juu ya kilichobaki cha jeshi langu, mikono ameitandaza.

"Simama! Hapa ni Ugogo! Msafara haupiti bila hongo!"

Jeneza likasimama. Kweli likasimama, wale wanaume wazima wote. Baba mdogo Hamisi, aliyekuwa mbele, akauliza bila hata kukasirika, "Unataka nini, Mgogo?"

"Kichwa! Aliniahidi kichwa chake. Nipeni nikachotee maji." Akaligonga panga chini, na watu wengine wakacheka.

Nilivuta mpaka mpira ukagusa sikio. Jiwe lilimpata juu ya lile jicho lililovimba, na mlio wake ulikuwa wa kitu kinachopasuka. Damu ikaruka. Akanyanyuka nusu, akashika uso, damu ikapita kati ya vidole. Nikatia jiwe la pili.

Baba mdogo aliachia jeneza kwa mtu mwingine, akanifikia, akaninyang'anya manati na kunishika sikio akaniangusha kutoka kwenye mzinga. Aliinua mkono. Nilikuwa napiga kelele, na mpaka leo naisikia sauti yangu ilivyokuwa nyembamba.

"Amemwua Babu! Amemwua kule porini, na sasa anataka kichwa! Mtamwacha achukue kichwa? Atawajibu nini malaika? Atawajibu kwa mdomo gani?"

Hata waliokuwa wanasoma walinyamaza.

Mika akatoka kati ya watu. Nilidhani atanirukia na nikakunja ngumi. Alikuwa analia kamasi, na hakuinua mkono.

"Jinga wewe," alisema. "Babu yako alijifunga kamba juu kule, nyuki wakatoka, akashindwa kushuka. Baba hajui kupanda miti. Alipanda. Wanamla na yeye anapanda, akaikata kamba. Usiku kucha mama anamtoa miiba."

Nilimtazama Mzee Ndahani. Mikononi, chini ya damu, ngozi ilikuwa na vidoti vyeusi tele, kila kimoja na kivimbe chake.

"Nilichelewa," alisema.

Baba mdogo alikuwa bado ameinua mkono. Mzee Ndahani akamwambia, "Ushushe, Hamisi. Usimguse huyo. Nyinyi wote mmekaa mnalia, huyu peke yake ndiye aliyempigania." Akajipangusa kipaji, akaitazama damu kiganjani, akawainulia wenye jeneza wakaiona. "Hongo imelipwa. Piteni."

Akajivuta pembeni, na jeneza likapita. Mgongoni mwa shati lake askari wangu walikuwa wameganda, njano na weusi, wamekuwa vibapa. Wanaume wakatoka nyuma ya jeneza, Mika akaenda nao, kisomo kikaanza tena na kikawa kinashuka na barabara. Mzee Ndahani hakwenda. Aliketi chini pale langoni kwa sababu miguu ilikataa. Mama alitaka kumletea kitambaa, akasimama katikati ya uwanja, akatutazama, hakuja.

"Njoo," Mzee Ndahani aliniambia. Nikaenda, hatua mbali na mkono wake. "Kichwa chake anacho, mjukuu wangu. Anakwenda nacho. Na mimi namjua, atawajibu hao malaika mpaka wamwombe radhi."

Niliitikia kwa kichwa kwamba nimesikia.

"Mimi ndiye sina wa kunijibu," alisema. "Kesho nikiamka nimtukane nani? Nani atanitukana mimi?"

Mdomo wake uliovimba ukaanza kucheza. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamume mzee akianza kulia, na niliogopa kuliko nilivyoogopa panga. Sikujua utani ni nini. Nilichojua ni jinsi babu alivyofanya kila kulipokucha, kwamba mtu huyu akisema, mtu wa nyumba yetu hujibu.

"Mla hongo wewe," nilisema. Sauti haikutoka vizuri. Nikarudia. "Mla hongo wewe! Mwizi wa kuku! Umelala njiani kama ng'ombe wa mnada wa Ziba aliyevimbiwa pumba!"

Alinitazama kwa lile jicho moja.

"Ehee," alisema. "Endelea."

"Sura imeumuka kama andazi! Hata nyuki wamekula wakatema!"

Alicheka, na kicheko kikakatika katikati, kikageuka, mabega yakaanza kutikisika, akafunika uso kwa ile mikono mibaya. Wanawake uani walikuwa wamenyamaza, na nje ya lango watu wengine walikuwa bado wanapita. Nikapandisha sauti, nikamtukana yeye, na baiskeli zake, na watu wa kwao wote walio hai na waliokufa, kwa kila neno nililowahi kulisikia kwa Babu, maana alikuwa analia, na sikutaka watu wa mtaani wamsikie.